Tafadhali ya Kwao

Riyadh, 3 Agosti 2025

Kwa kaka Elphas,

Habari za Jeddah? Natumai u mzima na lile goti halikusumbui tena. Mimi sijambo, watoto wa hapa hawajambo, madam naye hajambo ila joto linamtia hasira. Nimekuandikia kwa sababu ulisema nisikutumie sauti, ati kelele za bandari zinameza maneno.

Mkataba wangu unaisha Novemba. Maryann nilimwacha na miaka mitano, sasa ana saba, na nilimwahidi mwanangu kwamba Krismasi hii nitakuwa Webuye. Mama anasema mtoto ameshatangazia darasa zima. Kwa hivyo ni lazima niende, hapo hakuna mjadala.

Shida ni lugha. Karibu miaka miwili niko hapa na Kiarabu changu ni yalla, halas na mafi, yaani haya, basi na hakuna. Madam alinichukua kwa ajili ya Kiingereza, watoto wakizoee, na nikijaribu neno la Kiarabu ananikataza. Lakini mambo ya ikama, hiki kibali changu cha kukaa, ni ya baba mwenye nyumba, na yeye Kiingereza hajui wala nyumbani hakai. Naona nijifunze kidogo, hata sentensi tatu. Wewe waonaje?

Mdogo wako,
Emmaculate

*

Jeddah, 9 Agosti 2025

Emmaculate wa Mama,

Salamu zimefika. Goti limepona, Mungu ashukuriwe. Joto la huku usiulize, shati unalivua unalikamua, unalivaa tena.

Sasa hiyo habari ya Kiarabu. Kwani umekuja huku kusomea usheikh? Mimi huu ni mwaka wa sita, Kiarabu sijui na sijakufa. Hapa mtaani kwetu Kandara chai naagiza kwa Kiswahili, nywele nanyolewa kwa Kiswahili, na unga ukiisha naenda kwa duka la Mbarouk. Huyo ni Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Jeddah, lakini bado anakuuliza "wataka nini" utadhani jana tu alikuwa Darajani. Bandarini msimamizi wetu ni mtu wa Mombasa. Hicho Kiarabu nikitumie na nani?

Na isitoshe, Kiswahili nusu yake ni Kiarabu. Kitabu ni kitabu, sukari ni sukari, salamu ni salamu. Maneno unayo tayari, umeyabeba tu bila kujua. Siku ukimpata huyo baba, tanguliza adabu, sema "tafadhali". Hilo ni lao kabisa, lilitoka kwao. Ataelewa.

Kaka yako,
Elphas

*

Riyadh, 12 Oktoba 2025

Kaka yangu,

U hali gani? Huku ni salama, ile homa ya wiki jana imeniachilia.

Furahi pamoja nami! Jana baba alipitia nyumbani. Alikuwa bado amesimama mlangoni, viatu hajavua, simu mkononi, akaniuliza kitu. Nilishika neno "ikama" peke yake, nikajua ni hiyo yangu, inaisha. Nikaunganisha mikono nikasema, "Tafadhali, baba," kwa roho yangu yote. Nilitaka niendelee, nimtajie Maryann, lakini hakungoja. Alitabasamu, akabonyeza simu, akasema shukran, akaenda zake. Kumbe ruhusa ya kuondoka ni rahisi hivi, na mimi nilikuwa sipati usingizi.

Nimeanza kukusanya vitu. Maryann nimemnunulia viatu vyekundu vya kanisa, saizi nimekisia. Mwambie Mama yule jogoo wa Krismasi asimuuze.

Mdogo wako mwenye furaha,
Emmaculate

*

Jeddah, 15 Oktoba 2025

Msafiri wetu,

Pokea salamu za Kandara nzima, maana nimewatangazia wote. Si nilikwambia? Neno moja tu!

Nilimsimulia Mbarouk pia, nikijigamba. Akaniuliza, "Kasema tafadhali, na huyo bwana akafanya nini?" Nikamwambia alibonyeza simu. Akaguna. Alitaka kusema jambo lakini wateja wakaingia, akarudi kwa mchele wake. Mzee wa kuguna sana huyo. Wewe funga mzigo.

Kaka yako na mwalimu wako,
Elphas

*

Riyadh, 23 Novemba 2025

Elphas,

Mimi sijambo. Natumai nawe hujambo.

Siendi. Mkataba ulipoisha nilimuuliza madam tiketi ni ya lini. Akashangaa. Tiketi gani, si nilikubali miaka mingine miwili? Baba aliniuliza kama aijadidi ikama yangu, yaani aiongeze muda, nami nikamjibu "tafadhali", na kwao hiyo ni kusema haya, endelea, fanya. Nikamweleza kwa Kiingereza, pole pole, kwamba kwetu tafadhali ni kuomba. Nilikuwa naomba aniachilie! Akasema baba alisikia alichosikia, halas.

Nikamsihi basi anitafsirie kwa baba. Jioni nikawasikia sebuleni. Jina langu likapita, wakacheka. Akarudi akaniambia baba amekataa.

Sijui kama kweli alimwambia. Hiyo ndiyo inaniuma. Anayenitafsiria ndiye hataki niende, maana watoto wake sasa Kiingereza kinawatoka kama maji. Na mimi nilikuwa hapo hapo jikoni, nasikia kila kitu na sielewi chochote.

Nimempigia Maryann. Yeye hakulia. Aliuliza tu kama vile viatu vitakuwa vinambana nikifika. Mimi ndiye niliyelia.

Usiniandikie tena kwamba Kiswahili nusu yake ni Kiarabu.

Emmaculate

*

Jeddah, 28 Novemba 2025

Dada Emmaculate,

Sijui nikusalimie vipi, kwa hivyo nakusalimia tu. Nimeongea na Mama, yuko salama. Umetia sahihi jina peke yake, nimeona.

Nilienda kwa Mbarouk. Aliniambia, "Ewe Elphas, siku ile n'litaka kukwambia. Kwetu tafadhali ni kuomba. Huku ni kukaribisha. Mtu akikushikia mlango akakwambia tafadhali, ujue kakupa njia, hajakuomba kitu. Nduguyo kaulizwa nikuongezee, naye kajibu karibu, ongeza." Nikamuuliza mbona basi walitupatia neno halafu wakaligeuza. Akasema hawakutupatia, tulilichukua wenyewe, na kama nina malalamiko niyapeleke kwa babu zake waliolibeba.

Nilitaka nimpigie huyo baba mimi mwenyewe, kama ndugu yako. Lakini nikishasalimia nitamwambia nini? Sukari?

Mbarouk amesema useme hivi: "La tajaddid. Abgha aruh inda binti." Maana yake usiongeze, nataka kwenda kwa binti yangu. Hilo binti, dada, ni binti. Ameniapia. Na ukitaka kuomba, kwao ni "lau samaht". Amerekodi yote kwa sauti yake, na mengine ya kukusaidia kusikia akikujibu. Nimekutumia. Mwambie baba, usimwambie madam.

Ndugu yako,
Elphas

*

Riyadh, 18 Januari 2026

Kaka Elphas,

Mwaka mpya umekupokeaje? Mimi nashukuru, nina afya.

Krismasi nilipikia wageni. Mama ameniambia Maryann alikaa langoni kutwa, akikataa chakula, ati mama yake alisema Krismasi. Mpaka leo nikikumbuka nachoka moyo.

Baba alikuwa safarini. Siku zote hizo nilikuwa napanda juu kufua, nawasha mashine ipige kelele, kisha namfuatisha Mbarouk neno kwa neno. Mwambie mzee wa watu ana sauti nzuri, ila anakohoa sana.

Juzi Ijumaa baba alikuwa sebuleni, madam ametoka. Nilimpelekea kahawa nikasema, "Lau samaht, baba." Akaniangalia kama mtu aliyesikia friji ikiongea. Nikasema yote: usiongeze, nataka kwenda kwa binti. Akauliza kitu, nikasikia "binti" na "kam", kam ni ngapi, nikamwonyesha vidole saba. Akashika kipaji cha uso. Akasema, "Madam ma galat." Hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi juu kule. Maana yake madam hakusema.

Hakuwa amemwambia, Elphas. Tangu Novemba.

Baba aliweka kikombe chini, nikadhani nimeharibu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, vile mtu anampisha mgeni, akasema, "Tafaddali."

Safari hii nilijua nimeambiwa nini. Nilirudi jikoni na trei tupu, nikaketi chini kwa sakafu, nikacheka na kulia pamoja.

Tiketi ni ya Februari. Madam haongei nami. Mtoto mdogo ananiuliza kwa Kiingereza kwa nini naondoka, nami namjibu kwa Kiarabu, potelea mbali. Viatu havitamtosha Maryann, Mama amempima mguu. Navipeleka hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Emmaculate

*

Jeddah, 21 Januari 2026

Emmaculate wa Mama,

Barua yako nimeisoma dukani, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza Mbarouk hakuguna. Nilipofika mahali pa mlango, alivua miwani akaifuta, akasema vumbi la mchele. Anakusalimu. Kikohozi ni cha zamani, usijali.

Mimi ni mzima, ila nina habari na nakuomba usicheke. Yule msimamizi wetu wa Mombasa amehamishwa. Tumeletewa mtu wa hapa, Kiswahili hajui hata cha sukari. Sasa kila jioni nakaa juu ya gunia dukani kwa Mbarouk nafundishwa Kiarabu kama mtoto wa nasari. Nilikwambia huhitaji, na wewe unaenda nacho nyumbani, mimi ndiye naanza. Haya, cheka.

Maryann achore unyayo wake kwa karatasi, umtumie mjomba picha. Viatu vingine ni juu yangu.

Nilidhani nitafurahi tu, lakini si furaha peke yake. Ukiondoka, nchi hii nzima sitakuwa na mtu wa kunijua nilivyokuwa mdogo. Kwa Kiswahili, ningekuomba ukae kidogo. Kwa hivyo nasema kwa Kiarabu.

Tafadhali, dada yangu.

Kaka yako,
Elphas