Mti wa Kupanda

George, Afrika Kusini
4 Septemba 2022

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na baridi ya Malindi yetu ya Lushoto imepungua. Mimi mzima, ila bega la kulia linauma tangu Julai. Naandika kwa sababu kwenye simu tunamaliza salio kwa kusalimiana.

Uliuliza tunalima nini huku. Ni hopsi. Maua yake yanatiwa kwenye bia. Ndiyo uchungu wake, na ndiyo yanayoizuia isichache upesi. Nikakumbuka boha yako, ile pombe ya miwa, inavyogeuka siki siku ya tatu.

Wanapopogoa wanatupa vipande vya mizizi. Nimeokota vitatu, vimo kwenye kopo la majani ya chai. Mbaraka anayekuletea kopo alinicheka: "Mgosi, wenzako wanatuma runinga, wewe unatuma mizizi?" Ifukie karibu na nyumba, penye jua na mbolea ya ng'ombe. Yote ni ya kike, ndiyo yenye maua ya bia. Ya kiume huku inang'olewa. Usisahau kuiwekea mti wa kupanda.

Mama, nakueleza wazi: nimechoka. Mkataba unaisha Machi 2024. Hopsi ikitoa maua hapo nyumbani, narudi, maana nitakuwa na kazi ninayoijua. Isipotoa, nasaini miaka mitatu mingine.

Mwanao,
Tobia


Malindi, Lushoto
11 Desemba 2022

Mwanangu Tobia,

Marahaba. Goti liko vilevile, linanitabiria mvua. Hilo bega lichue kwa mafuta ya moto, usilidharau.

Kopo limefika. Mzizi mmoja ulikuwa umeoza, miwili nimeifukia nyuma ya jiko. Huko wanang'oa wanaume? Marehemu baba yako angefunga mizigo siku ya kwanza.

Mti wa kupanda nimeupanda siku hiyohiyo: mgrevilea, hatua moja kutoka kwenye mizizi. Umeshika vizuri. Hopsi nayo imechipua, lakini inatambaa chini kama tembele. Machipukizi yalizidi, nikachuma, nikapika na maharage. Matamu! Sasa niambie, maua yanatoka lini, na huo mgrevilea una kazi gani?

Mama yako


George
26 Machi 2023

Mama,

Shikamoo. Habari za goti, habari za ng'ombe? Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chakula, nikacheka mpaka wenzangu wakauliza kama nina homa.

Kosa ni langu, niliyeishia darasa la tano. Mti wa kupanda, mama, si wa kupanda kwa jembe! Ni wa hopsi kupanda juu. Huku inafika urefu wa nguzo ya umeme, na wewe umeiwekea mgrevilea wa magotini. Funga kamba ya mkonge kutoka kwenye paa hadi chini, uizungushie machipukizi kwa mkono. Na usiyapike tena.

Nilimweleza msimamizi wetu wa shamba. Akasema haitachanua: inataka mchana mrefu, na kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Sijui. Anajua hopsi, lakini Lushoto hajafika.

Leo tumemaliza kuvuna. Bega halinyanyui ndoo. Ila usinidanganye ili nirudi. Ua la kweli ukilisugua kiganjani linaacha unga wa njano unaonata, na harufu yake nitaijua utakavyoieleza.

Mwanao,
Tobia


George
15 Oktoba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Miezi saba hujanijibu. Kwenye simu unasema "inaendelea", halafu unaniuliza nimekula nini. Wameshaleta karatasi za mkataba mpya. Ziko chini ya mto wangu.

Tobia wako


Malindi
18 Februari 2024

Mwanangu Tobia,

Marahaba. Goti bado langu. Hopsi ilipanda kamba, ikafika kwenye bati kwa wiki tano, ikakauka bila ua. Nilianza kukuandikia kwamba imechanua. Nilipofika kwenye harufu nikakwama. Sikuijua. Nikachana karatasi.

Mvua za vuli zilipoanza ikachipua tena, na Januari ikatoa maua. Saba, mafupi kama kidole cha mtoto mchanga. Nimesugua moja: unga wa njano, unanata kama utomvu wa fenesi, unanukia ganda la chungwa na majani yaliyokatwa sasa hivi, na kitunguu kwa mbali. Jingine limo humu kwenye bahasha.

Matano nimeyachemsha na chungu kidogo cha boha. Mzee Nikodemo, yule jirani wa kisimani, kaonja, kakunja uso: "Mama Tobia, umetia mwarobaini?" Nikamwambia rudisha kikombe. "Ngoja kwanza, ongeza, nihakikishe." Siku ya tatu haikuchacha. Ya tano haikuchacha. Ya sita sijui, Nikodemo alikuwa ameshaimaliza.

Najua saba si mavuno. Lakini ulisema ikitoa maua. Hukusema mangapi.

Mgrevilea umenipita kichwa.

Mama yako


George
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Goti nitaliuliza mwenyewe, na bega utalichua wewe.

Ua lilifika limepondeka, unga wake umepaka mstari wako wa mwisho rangi ya njano. Nilimpelekea msimamizi. Akanusa, akanusa tena. "Mangapi?" Nikasema saba. Akacheka. Nikacheka naye, nikamrudishia karatasi zake kama alivyonipa, hazina wino wangu.

Lakini hayo saba yametokaje, kama mchana wetu haufai? Ni ile mbolea? Ni baridi? Au ni yale machipukizi uliyoyala? Swali hilo linanikosesha raha kuliko bega.

Kamba ziache zilipo. Mgrevilea usiukate, msimu ujao hopsi itapanda humo. Na barua hii usiijibu, jibu halitanikuta huku.

Mwanao,
Tobia