Watu wa Rugomero Kwenye Foleni ya Posta

Bujumbura, Jumanne

Baba Chantal mpenzi,

Umeamkaje na mguu wako? Mimi nipo, ila joto la huku halina huruma.

Mkanda wa mashine ya kusaga nusura urudishwe Dubai kwa mdogo wako. Tangu posta ya kwetu ifungwe, vifurushi vyetu vinaishia hapa, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kukichukua chetu. Karani alipoona jina lako kwenye kifurushi akakisukuma pembeni.

“Apana, mama. Aje mwenyewe, ao ulete mutu wa kwenu anayekujua.”

Nikamweleza kuwa umevunjika mguu.

“Kwenu mulibaki wazee tu,” akasema. “Utamupata nani?”

Nikaigeukia foleni, nikauliza kwa sauti: “Nani hapa ni wa Rugomero?” Karani akaita mtu mwingine. Ndipo binti mwenye mtoto mgongoni akasogea na kitambulisho chake.

“Mi ni wa kwa muzee Anatole. Huyu ni mama wa mashine, nilikuwa namuletea mihogo.”

Nyuma yake wakajitokeza wengine, vijana wetu waliokuja kutafuta kazi, ambao sikuwa nimewatambua. Karani akanipa kifurushi.

Binti akanishika mkono. “Mashine ikianza, unitumie unga wa kwetu. Wa huku mutoto anaukataa.”

Kadi hii nampa dereva wa lori la mbolea linalokuja huko. Mkanda simpi mtu; nalala nao mpaka basi lipate mafuta. Usiukanyagie mguu, na umwambie mama asitwange peke yake.

Wako, Mama Chantal