Picha Niliyopeleka Kwenye Kikao cha Ukweni

Mwamkulu,
Mpanda, Katavi.
29 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Christina,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana nakujua, huko Norwei utakuwa umeshaisahau. Marahaba. Hujambo wewe? Lile goti limepona, au bado unapanda ngazi kama bibi harusi? Sisi huku wazima. Baridi ya Juni imeingia, mahindi tumevuna, na kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Kamera uliyonitumia kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu Recho ilifika salama, na kipaimara nilikipiga. Nilikata vichwa vitatu, kimoja cha paroko. Tangu hapo hakuna anayeniita, nikaamua kupiga picha vitu visivyolalamika. Nilianza na yale mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota, hafifu kiasi kwamba jicho halioni. Sasa nimefika kwenye makundi ya galaksi. Galaksi moja ni nyota mabilioni, lakini zikikusanyika mamia, kwenye picha zinaonekana kama unga uliomwagikia kaniki. Unaiacha kamera wazi dakika mbili, unarudia mara sitini, halafu kompyuta inazipanga juu kwa juu mpaka vile vidoa vijitokeze.

Shida ni kwamba kazi hii inataka giza. Mwezi ukiwepo nalala nyumbani, mwezi ukiondoka nami naondoka. Nabeba blanketi na chupa kubwa ya chai, napanda pikipiki mpaka shambani, narudi saa sita. Mimi na wezi tunatumia kalenda moja. Jirani yetu Yotham, ambaye Mungu amemjalia dirisha linalotazama njia, akazihesabu safari zangu na kuzifikisha kwa baba mkwe, mzee Gelasius. Mwalimu wa miaka hamsini na mbili, usiku, na blanketi. Hata mimi ningejishuku.

Nikaitwa kikao ukweni. Wifi yako Helena siku hizo alikuwa ananijibu kwa heshima sana, na unajua heshima ya Helena inatisha kuliko matusi. Begi lake alishalifunga, liko nyuma ya mlango. Nikishindwa kujieleza, anarudi kwao.

Nikasema ushahidi ninao. Picha yangu bora, galaksi zaidi ya mia za upande wa nyota za Mashuke, nikampelekea Queen mwenye studio mjini aitoe kwa ukubwa wa kalenda. Jumapili baada ya misa nikaichukua ikiwa ndani ya bahasha, nikapitiliza ukweni bila hata kuchungulia. Kujiamini ni ugonjwa, mdogo wangu.

Nikawahutubia wazee sita robo saa nzima, mpaka nikawataja malaika. Kisha nikafungua bahasha. Ikatoka karatasi nyeusi tii, inang'aa vizuri, nikajiona uso.

Wazee wakaipokezana kwa adabu. Mmoja akaigeuza, labda picha iko nyuma. Baba mkwe akavaa miwani, akaivua, akasema taratibu, "Mwalimu, giza tulikuwa tunalijua. Tulitaka kujua ulikuwa na nani humo."

Palepale nikampigia Queen, nikaweka sauti ya juu wasikie wote. Binti wa watu akapokea kwa furaha. "Shikamoo mwalimu. Umeionaje? Ilikuwa na madoa hiyo, nimeyafuta moja moja kama ninavyowafuta maharusi chunusi. Nimehakikisha halijabaki hata moja."

Kikao kilicheka mpaka baba mkwe akashika mbavu. Helena peke yake hakucheka. Akasema, "Safari ijayo naenda naye."

Jumamosi ya juma lililopita tukaenda. Saa nzima ya kwanza hakutazama juu kabisa. Aliketi kwenye kigoda chake akiwa ameipa kamera mgongo, analinda njia asije mgeni wangu. Mara tatu aliwasha tochi ghafla kumulika vichakani, na mara zote tatu picha ikaungua kwa mwanga. Nikaanza upya kila mara. Mtuhumiwa hachagui askari.

Saa nne nikafungua kompyuta. Vidoa vikaanza kujitokeza, kimoja kimoja. Helena akasogea, akahesabu kwa kidole mpaka arobaini na moja, akaacha.

"Na kila kimoja ni nyota mabilioni?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hiyo we ulikuwa unakaa huku na hizi zote, mimi niko nyumbani nalia."

Christina, alisema kweli. Miezi yote hiyo sikuwahi kumwalika, nikiogopa atanicheka.

Tulirudi saa sita. Nyumbani akalifungua lile begi, akarudisha nguo kabatini bila kunitazama, kisha akauliza mwezi unaondoka tena tarehe ngapi.

Msalimie sana shemeji Nashon na wanao. Huku Recho anakusalimu, na baba mkwe anauliza kama kamera yako inapiga pia ng'ombe. Mungu awafunike nyie wote na awape afya.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kama nilikukata kichwa siku ya harusi yako,
Isidori