Masaa Kumi na Tisa Kutoka kwa Baba

Jumanne. Mvua haijakatika hapa Section 58, Nakuru, tangu asubuhi.

Alhamisi napanda ndege. Mimi ni fundi wa mitambo ya mvuke huko Olkaria, na kazini wamenichagua niende Reykjavik, Iceland, miezi sita, nisomee visima vya mvuke. Siku hiyo nilipiga vigelegele. Halafu nikashika simu, nikaangalia umbali.

Kutoka Nairobi ni kama kilomita elfu nane na mia saba. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Masaa nane na nusu hadi Amsterdam, kungoja huko, kisha mengine matatu. Tiketi yangu inasema masaa kumi na tisa.

Siogopi ndege. Naogopa simu.

Mwaka jana Mama alizidiwa hospitalini hapa Nakuru, nikapigiwa simu nikiwa kazini. Olkaria si mbali, masaa mawili hivi. Nilipofika, walikuwa washamfunika.

Sasa amebaki Baba, peke yake kijijini Ndabibi na ng'ombe wake wawili. Nilimdanganya. Nilimwambia Iceland ni masaa manane tu, unalala na kuamka.

Leo nimeenda kumuaga. Nimempa chai, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Baba, aliyetuchapa kwa kosa hilo! Nikamvuta ule wa kulia kutoka mfukoni. Kifundo kimevimba, cheusi.

Alianguka Jumamosi akikamua. Kizunguzungu. Akawakataza majirani wasinipigie. Na dawa za presha, ambazo mimi ndiye humletea, alikuwa anameza leo, kesho anaruka, ili zisiishe kabla nirudi.

Nimemkimbiza kliniki. Mkono umeteguka, haujavunjika. Presha iko juu, lakini daktari amesema itashuka akimeza dawa kila siku.

Tukiwa pale kwa benchi nimemwambia siendi tena. Nikamwambia na ukweli wa yale masaa kumi na tisa.

Baba akasema, "Kwa hivyo unataka ukae hapa uningojee nikufe?"

"Baba, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Enda."

Sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Hata siku tulimzika Mama.

Tumepita kwa Mama Chebet, jirani yake. Dawa za miezi yote sita nimemwachia yeye. Atakuwa anafika kila asubuhi amwone akimeza, halafu anitumie ujumbe. Amemtazama Baba akamwambia, "Mzee, ukinificha kitu tena, mimi nampigia huyu hata akiwa hewani."

Nikiondoka, Baba ameuliza kama ni kweli huko saa ziko nyuma. Nikamwambia ndiyo, masaa matatu.

"Sasa utakuwa unanipigia kwa saa yako ama yangu?"

"Yako, Baba."

Begi nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Ile simu ninayoiogopa ikipigwa nikiwa huko, sitafika kwa wakati. Hilo nimelikubali leo.

Baba hunywa dawa saa kumi na mbili asubuhi. Huko itakuwa saa tisa usiku.

Nitakuwa macho.