Mbuzi Wangu wa Ntheo Wametolewa Sadaka, na Mimi Ndiye Nilikuwa na Maikrofoni

Shangazi Syokau, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye stoo ya vitabu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo ikifika nikiwa mikono mitupu sijui nitakuwa mume wa nani.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Sita katika shule ya msingi ya Kikatoliki huku Kitui Kusini. Mimi mwenyewe si Mkatoliki, nasali na Waprotestanti na hata ni shemasi huko, lakini kazi ni kazi, na Sista Katunge, mwalimu mkuu wetu, alinipa pia kazi ya matangazo, yaani kila Ijumaa naandika habari za shule, nabandika moja kwenye ubao na kutuma nyingine kwa grupu ya wazazi, na pakiwa na sherehe mimi ndiye nashika maikrofoni.

Sasa, Shangazi, nimekaa na mke wangu Nthenya miaka kumi na mmoja, tuna watoto watatu, na sijawahi kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao wewe unajua kwetu Ukambani mwanamume asipowapeleka kwa wazazi, mke anahesabiwa bado msichana wa kwao hata awe na wajukuu. Mwaka wa kwanza kulikuwa na ukame, wa pili tukapata mtoto, wa tatu nikanunua pikipiki, na baada ya hapo nikaona aibu kuanza. Mdogo wake Mwongeli aliletewa ntheo yake mwaka juzi, na Nthenya siku hiyo alishinda jikoni akigeuza chapati, kwa sababu wale wameshatolewa ntheo walikuwa wamekaa mbele na yeye hangeweza kukaa nao. Hakunilaumu. Alirudi nyumbani akanyamaza siku mbili.

Kwa hivyo mwaka huu nikauza mavuno yangu yote ya ndengu, nikaenda soko ya Mutomo siku ya Alhamisi, nikachagua beberu mmoja mweusi na majike wawili, mmoja akiwa na tumbo kubwa nikajiona nimebahatika, na kwa vile Jumamosi ndiyo tulikuwa tunaenda kwa wakwe Kabati, nikamwomba Ndululu, mfanyakazi wa shamba la shule, awalaze kwenye zizi la shule siku mbili. Sikumwambia ni wa nini, na Sista sikumwambia kabisa, kwa sababu mwaka jana alinialika niongee na wazazi juu ya ndoa iliyokamilika na mimi nikasimama pale nikasimulia jinsi nilivyopeleka ntheo, mpaka rangi ya beberu nikataja.

Ijumaa ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa shule. Kila gredi ilitakiwa kuleta vipaji, yaani zawadi za sadaka, altareni, na wazazi wa Gredi ya Sita walikuwa wameleta kikapu cha pojo na kuku mmoja aliyekonda, wakawa wanaonea haya Gredi ya Nne waliokuja na gunia la mahindi. Sasa wakachungulia zizini, wakaona mbuzi watatu wageni, wakauliza ni wa nani, wakaambiwa ni wa mwalimu wa Gredi ya Sita, aliwaleta jana. Shangazi, hata mimi ningefikiria walichofikiria.

Mimi nikiwa kwa maikrofoni nasoma, "Sasa ni Gredi ya Sita na vipaji vyao," nikainua macho nikaona beberu wangu anaingia mlango mkubwa akiwa na taji la maua shingoni, akina mama wanacheza, wanapiga vigelegele, na wale majike nyuma yake wanakula maua ya mwenzao. Mama mmoja akapita karibu akaninong'onezea, "Mwalimu, umetutoa aibu leo. Mungu akuone." Fadha akachukua maikrofoni yangu, akasema, "Huyu hata si wa kanisa letu, na ameleta mbuzi tatu. Nyinyi wangu mko wapi?" Watu wakasimama. Sista akapangusa machozi. Halafu Fadha akanirudishia maikrofoni, kanisa lote likanigeukia, na Shangazi, ningeweza kusema wakati huo, lakini nilisema, "Ni kidogo tu, Fadha."

Jioni Sista akaniambia hiyo habari iwe ya kwanza kwenye matangazo na niweke picha. Kwa hivyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika kwamba mwalimu wa Gredi ya Sita ameonyesha mfano wa ukarimu.

Nikamwambia Nthenya mbuzi wameshikwa na ugonjwa na daktari wa mifugo amezuia wasisafirishwe. Alikuwa ameshapiga pasi gauni aliyoshona ya Jumamosi. Akairudisha kwa sanduku. Lakini mtoto wa Mwongeli yuko Gredi ya Pili hapa, Mwongeli yuko kwa grupu, na Jumapili baba mkwe akanipigia simu. "Kijana," akasema, "nimeonyeshwa picha. Umepea Fadha mbuzi tatu. Sisi tunangoja ngapi?" Nikamwambia hao walikuwa wa shule, wenu wako njiani. Akasema wakitembea polepole namna hiyo watafika wamezeeka, akanipa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akakata.

Njiani hakuna mbuzi, Shangazi. Mbuzi wako zizini, mita hamsini kutoka darasa langu, watoto wamewafanya mradi wa kilimo na huyo beberu wamempa jina langu. Pasta wangu pia amesikia, anauliza mbona kanisani kwetu sijawahi kutoa hata yai. Nimefikiria kuwatoa zizini alfajiri kabla watu waamke. Nimefikiria kukodisha watatu wa jirani kwa siku moja, lakini wazee wa Kabati watachinja beberu na hapo nirudishe nini? Au niahirishe tena? Nishauri.

Mwalimu Mwenye Aibu, Kitui Kusini

SHANGAZI SYOKAU ANAJIBU

Mwalimu, kwanza toka kwa hiyo stoo, watoto wanakungoja. Umeficha jina lako vizuri sana, halafu ukataja mke, shemeji, Sista na sikukuu. Kutoka Mutomo mpaka Kambu hakuna asiyejua ni nani alitoa mbuzi watatu. Wewe ndiye uliyewatangazia.

Pole nakupa, lakini ndogo. Wale akina mama hawakukosea. Mwalimu akileta mbuzi shuleni siku moja kabla ya sikukuu na asiseme ni wa nini, hata mimi ningewavisha maua. Na kuuza ndengu zote si jambo dogo, hiyo nakupongeza. Lakini usiniambie mbuzi walitolewa sadaka kwa makosa. Kwa makosa walifika tu altareni. Wewe ndiye uliyewatoa, kwa lile neno lako la "ni kidogo tu", kwa sababu vigelegele vilikuwa vitamu. Ulikuwa na maikrofoni mkononi, na ulikuwa na mke nyumbani anapiga pasi gauni. Ukachagua.

Kukodisha mbuzi sahau. Kuwatoa alfajiri sahau mara mbili, shemasi mzima ukamatwe kwa wizi wa mbuzi wako mwenyewe. Kuahirisha pia hapana.

Sasa sikia. Wiki jana nilipata barua nyingine kutoka huko kwenu. Nilimpigia simu aliyeiandika, akaniruhusu kuitumia. Ameandika hivi: "Shangazi, nina mbuzi watatu ambao mwenyewe ananikwepa. Ndululu aliniambia jioni ya siku ileile kwamba mwalimu aliomba tu walale, na shemeji yake akanieleza ni wa nini. Tangazo lilikuwa limeshatumwa. Nangoja aje aseme mwenyewe, lakini akiniona anageuka na kuingia choo cha wasichana. Nimekataza wasichinjwe. Fadha anauliza supu ni lini. Nimwambie nini?"

Nilimjibu amwambie Fadha supu iko Kabati na yeye amealikwa. Akacheka sana. Aliongeza kwamba kwa ile hotuba yako ya ndoa iliyokamilika atakupa adhabu yake mwenyewe, na hiyo siingilii.

Kwa hivyo leo hii, kabla ya kengele ya saa kumi, nenda ofisini kwa huyo Sista aliyeniandikia na useme yote kwa mdomo wako, na rangi ya yule beberu wa uongo pia. Ukitoka hapo nenda nyumbani, umwambie Nthenya kabla Mwongeli hajamwambia, na usitaje daktari wa mifugo. Akinyamaza siku mbili, zivumilie. Umemnyamazisha miaka kumi na mmoja. Ijumaa uandike tangazo jipya, mistari mitatu tu: mbuzi walikuwa wa ntheo, mwalimu alikosa ujasiri wa kusema, shule imemtunzia na anashukuru. Hilo nalo libandike kwenye ubao, na picha yako uiweke.

Na kuna jambo hujui, kwa sababu siku hizi zizini hupiti. Yule jike wa tumbo kubwa amezaa. Sasa ni wanne. Watatu ni wa Kabati. Huyo mdogo amfuate mama yake, na atakapoacha kunyonya mrudishe, umpeleke altareni kwa kutaka mwenyewe, bila kushika maikrofoni, na hapo Fadha atakuwa amepokea sadaka yako ya kwanza.

Jumamosi ufike Kabati mapema. Ukikuta Nthenya ameingia jikoni kwa mazoea, mtoe huko wewe mwenyewe, umpeleke mbele akakae na wenzake akiwa na gauni lake, kisha urudi ukageuze chapati.