Makomando Wanne na Sengu ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na Mama pia, maana najua yuko hapo hapo anasikiliza. Barua yangu ikifunguliwa, chungu jikoni huachwa kijitunze chenyewe. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha Mama, kimetulia au bado kinamsumbua asubuhi? Mimi ni mzima. Midomo imepasuka kwa baridi na kucha za miguu zimeng'oka, lakini chakula ninakula na usingizi ninaupata. Jina la mahali nilipo siruhusiwi kuliandika. Jua tu kwamba ni milimani, na kwamba milima ya hapa haina hata mbuni mmoja wa kahawa.

Barua yako ilinifikia bahasha imekunjamana vibaya, lakini maneno yalikuwa mazima. Nimekuta maswali mawili. La kwanza si lako, ni la kaka Kosmas. Anasema tangu banda la video lifunguliwe Mbinga mjini, pale dukani kwake watu hawabishani tena juu ya mpira, wanabishana juu ya makomando: wa nchi gani ni wakali kuliko wote. Kwa kuwa mimi niko kwenye kozi pamoja na makomando wa nchi mbalimbali, anataka nimalize ubishi.

La pili ni lako mwenyewe, na umeliandika mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeomba radhi. Unasema Kosmas na Otmari wanataka sengu ifungwe. Kila mmoja ale kwake na mkewe na watoto wake, badala ya nyumba zote za ukoo kuleta chakula barazani kwako jioni na kula pamoja kama alivyotuachia Babu. Sababu zao umezieleza kwa haki. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao, kila mtu anauza kahawa yake mwenyewe na kuezeka bati lake mwenyewe, na shemeji zangu wamechoka kupika nyama inayoliwa na mtu aliyeleta mchicha. Ukasema hutaki kugombana na wanao uzeeni, na kwamba mimi niliyeona dunia niseme, nawe utalifuata neno langu. Baba, hapa tunabebeshwa magogo kila asubuhi, lakini hilo lako lilikuwa zito zaidi.

Nilitaka kukujibu siku ile ile. Nashukuru sikupata nafasi, kwa sababu siku ile ningekuambia ifungwe. Niliwaona kaka zangu wana hoja. Na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye beji. Anayefuzu kozi hii anapewa beji, na akifika nayo nyumbani anakuwa mkufunzi wa makomando wenzake. Asiyeipata anarudi kwenye kazi aliyoiacha, basi. Niliitaka beji ile, Baba, mpaka nikawa naiota.

Sasa nianze na Kosmas. Mwambie kwamba komando wa kwenye video hajawahi kuvaa soksi zilizolowa. Huku nusu ya ukomando ni soksi. Waliobobea humo ni watu wa nchi za theluji. Watu hawa hawapigi kelele kabisa. Kwao wanachaguliwa kwa kutembezwa milimani, kila mtu peke yake na mzigo wake, na mwalimu hamwambii mtu kama amewahi au amechelewa. Anatazama, anaandika, ananyamaza. Mimi nimezoea mwalimu wa kwetu, ambaye kwa ukubwa wa matusi unajua umebakiza umbali gani. Ule ukimya ulinitesa kuliko mzigo. Ila mwenzangu Eriki, kijana wa theluji, alikuwa anautembea ukimya huo kama mtu anayekwenda kisimani.

Wapo na wale wa baharini. Hao wanafungwa mikono na miguu, wanatupwa majini, na wanatakiwa wakae humo bila kuhangaika. Siri yao si nguvu, ni kutokuwa na haraka. Duarte, wa kundi langu, alikuwa akizama anafumba macho kama anayesali. Hapo namshukuru Mjomba wa Mbamba Bay. Mnakumbuka alivyonisukuma kutoka kwenye mtumbwi, kisha akaendelea kutoa usipa wavuni kana kwamba hakuna aliyeanguka? Mama alimnunia mpaka Pasaka. Mama, msamehe sasa. Bila yeye, mimi mtoto wa mlimani ningerudishwa kozi haijaanza vizuri.

Wa jangwani wanatembea polepole na hawasimami. Maji wanakunywa kidogo, maneno kidogo zaidi. Kama Kosmas analazimisha jina, basi ampe ushindi Idrisi, sajini mkongwe mwenye mvi kidevuni, mkubwa kwetu sote kwa umri. Shabaha alitushinda, ramani alitushinda, na subira ndiyo usiseme. Akilitazama bonde mara moja anakuonyesha mahali ambapo mtu angejificha.

Na sisi je? Mbio tunawashinda wengi, na msituni hatuulizi njia. Vifaa vyetu ni vichache. Zipo kamba na redio hapa ambazo nilizishika mara ya kwanza nikiogopa kuziharibu. Na sisi tunafunzwa pamoja: gogo moja mabegani mwa watu wengi, akilegea mmoja wote mnajua, na mtu akicheka wote mnapata nafuu. Kwa njaa nilikuwa mwalimu wao. Waliniuliza nilifunzwa wapi kukaa mbele ya chakula bila kukigusa. Sikuwaambia kwamba nilifunzwa barazani kwetu, nikiwa mdogo, ugali unatoa moshi, maharage yananukia, na Babu bado anasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba wala hajanyoosha mkono. Hakuna kambi iliyowahi kunitesa kama maneno ya Babu kabla ya kula. Nakushukuru Baba kwamba ulikuwa unanitazama kwa jicho lile, nikarudisha mkono.

Nije kwenye zoezi la mwisho, kwani ndilo lenye majibu yote.

Tuligawanywa vikundi vya watu wanne, mimi na Eriki na Duarte na Idrisi, tuvuke milima na kupeleka ujumbe upande wa pili. Kila mtu alipewa pakiti ndogo ya chakula cha akiba iliyofungwa kwa muhuri. Amri ilikuwa moja: pakiti isifunguliwe mpaka iamriwe kwa redio. Atakayefika yake imefunguliwa bila amri, hana beji. Akiugua mtu, irushwe fataki ya ishara, watu waje kumchukua, wenzake waendelee. Aliyechukuliwa naye hana beji. Chakula cha kawaida tulikuwa nacho kidogo, na kilikwisha mapema, kama walivyokusudia.

Tulipokuwa tunavuka mto, maji yalimwangusha Idrisi. Tulimvuta akatoka, lakini begi lake lilikwenda na maji, na pakiti yake ndani. Tukampa nguo kavu, tukaendelea. Ikaanza mvua ya barafu. Kufika mbavuni mwa mlima alikuwa anatetemeka, ulimi umekuwa mzito, anataja majina ya watu ambao hatuwajui. Mtu wa jangwani kwa kiu humwezi, lakini baridi ilikuwa imemwingia. Tukajibanza chini ya jabali. Akajitenga kidogo, yeye asiye na pakiti, akatupa mgongo.

Eriki akatoa fataki. "Baridi haina mchezo," akasema. "Tukimhurumia vibaya atakufa. Acha achukuliwe."

Alikuwa na haki kabisa. Ndivyo walivyofunzwa, na ndivyo wanavyookoa watu wao. Duarte hakupinga. Wakanigeukia mimi wasikie nasemaje, wakaona pakiti yangu imeshafunguliwa, iko juu ya jiwe, katikati yetu.

Baba, ningependa kukuambia kwamba nilipima mambo nikaamua kishujaa. Sikupima chochote. Niliona mtu mzima amewapa wenzake mgongo ili wao wale kwa raha, na mkono ukafanya ulichozoea. Halafu nikazidisha kosa. Badala ya kumpa Idrisi ale haraka, nikaketi, nikangoja. Nilikuwa namngoja mkubwa aanze. Wenzangu walidhani na mimi baridi imenipanda kichwani.

"Mpe basi," Duarte akasema.

"Hapewi," nikamwambia. "Si ombaomba. Kipo katikati, yeye ndiye mkubwa, akianza sote tunakula."

Idrisi akageuka. Sijui alielewa kiasi gani, kwa maana Kiingereza chake na changu vyote ni vya kuungaunga. Alitazama ile pakiti, akaona muhuri umekatika.

"Kula wewe," akasema. "Ni yako hiyo."

"Ilikuwa yangu," nikamjibu. "Tunakungoja, mzee. Na mimi nina njaa."

Akasogea. Akanyoosha mkono, akamega kidogo sana. Ndipo nasi tukamega. Eriki alishika pakiti yake aifungue nayo iwekwe katikati, nikamshika mkono. Nilikuwa nimeshaamka kutoka kwenye lile tendo langu na kujua limenigharimu nini. Nikamwambia mmoja kurudi bila beji anatosha. Tukala ya kwangu sote wanne, tukamkalisha Idrisi katikati yetu tukiwa tumebanana, mpaka majina ya wale watu yakaisha mdomoni mwake na akaanza kuuliza ramani iko wapi. Fataki haikurushwa. Alitutoa milimani kwa njia ambayo sisi watatu tusingeiona, na ujumbe ulifika.

Mkuu wa kozi alizikagua pakiti. Ya Eriki nzima, ya Duarte nzima. Ya Idrisi imechukuliwa na mto, hiyo ni ajali, akasamehewa. Ya kwangu ikawa ganda tupu. Akaniuliza kwa nini. Nilitafuta neno la Kiingereza la sengu, nikalikosa, nikasema tu, "Yeye ndiye mkubwa wetu, afande." Hakufoka. Akaniambia kwamba chakula kile ni cha ujumbe, si cha mtu, na kwamba vitani ningeweza kulisha mmoja na kupoteza wanne. Simsemi kwa ubaya. Kwa kitabu chao alisema sawa.

Kwa hiyo, Baba, sikupata beji. Naiandika hivyo hivyo ilivyo ili mtu yeyote asije akaipamba huko njiani. Wenzangu watatu walivishwa, nami nilikuwa nyuma nawapigia makofi. Nilipokwenda kuoga nililia. Kisha nikaosha uso, nikaenda kula.

Huku ukumbini watu hukaa kwa nchi zao, kila mtu na sahani yake. Mimi niko peke yangu kutoka kwetu, kwa hiyo nilizoea meza ya pembeni. Siku ile Idrisi alikuja na sahani yake, beji kifuani, akaiweka katikati ya meza yangu, akaketi. Akaniuliza nyumbani kwetu anayeanza kula ni nani. Nikamwambia ni Baba yangu. Akaniuliza ni mtu wa namna gani. Nikamweleza yote, baraza, vyungu, mchicha na nyama, na barua yako pia. Akanisogezea sahani ile, kisha akasema, "Mwambie baba yako nilikula kwake."

Nimefikisha. Na jibu langu ni hili. Kosmas na Otmari siwalaumu. Wapike nyama zao, wale na watoto wao, tusigombane. Shemeji zangu wana haki ya kuchoka, nami nikirudi nitaleta nyama kabla ya kuleta maneno. Lakini barazani pako, Baba, chakula kiendelee kuwekwa katikati, hata kama atakayekuja ni wewe na Mama tu. Asante kwa kutoifunga sengu miaka yote ambayo majirani walikuwa wanafunga za kwao. Asante kwa kunirudisha mkono nilipokuwa na haraka. Nimekosa kitu kimoja tu katika dunia hii niliyoiona, na nimekikosa kwa ajili ya baraza lile. Usije ukalifunga sasa, nikawa nimekikosa bure.

Nisalimie mama mkubwa wa kule Litumbandyosi, aliyenifungia mahindi ya kukaanga siku naondoka. Yaliisha kabla sijapanda ndege. Salamu kwa Mjomba na wavuvi wenzake wote. Shangazi Hyasinta mwambie rozari aliyonipa ninayo, imekatika uzi lakini punje zipo zote. Katekista naye umsalimie, na umwambie sala ya kabla ya kula nimewafundisha watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Kaka zangu wasomee barua hii yote, na uisome wakiwa wameketi pamoja.

Ruhusa yangu itaangukia wakati wa kuchuma kahawa. Narudi bila beji, lakini njaa ninayo ya kutosha, na safari hii nitangoja mpaka uanze.

Mwanao akupendaye,
Ditriki