Mama Anafanya Mazoezi ya Kuugua

Jumanne, tarehe 3 Machi

...haya, nilifika wapi? Jana kalamu iliishiwa wino nikiwa kwenye utamu! Ndiyo — Mama na kijiko.

Basi Mama kaamua. Mzima kabisa, miaka sabini na minane, ngazi anapanda bila kushika ukuta, lakini anasema nguvu zikiondoka hazipigi hodi. Wakili anakuja Jumamosi kumaliza wosia, na lazima liandikwe jina moja: siku Mama akilala asiweze hata kusema, nani atakaa naye na kuamua mambo yake. Watoto tuko watatu, mie kitinda mimba ndiye niliyebaki naye. Ahadi hataki. Anasema ahadi kazisikia kwenye waya miaka thelathini — alikuwa operata wa simu hospitali, ana siri za mji mzima tumboni na hajatoa hata moja. Mie mdomo huu nimeutoa wapi, Mungu ndiye ajuaye!

Kwa hiyo mazoezi! Kila mtoto siku moja. Asubuhi mpaka jua lizame, Mama kalala, hatembei, hasemi. Ana kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Leo zamu ya Kaka. Kaja na tai! Kamwamkia Mama, kamwashia redio, kaanza kupima jikoni kwa hatua. Ananiambia mie, Mama yuko hapo hapo, eti hii nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake, kile chumba cha nyuma chenye maboksi. Ngo, ngo! "Anataka nini?" Nikamwambia kasema hapana. "Hapana nini?" Ngo, ngo, ngo, ngo! Kaka kaona kijiko kitamchosha Mama mkono — kakichukua, kakiweka dirishani! Kamnyang'anya mama yake mdomo!

Nikakimbilia uani kucheka. Kisha nikarudi nikampa kijiko chake.

Jumatano, tarehe 4

Dada yangu ni mwalimu mkuu, na leo Mama alikuwa darasa la kwanza. Ratiba imebandikwa kabatini. Supu saa nne kamili. "Haya, nani mtoto mzuri atafungua mdomo?" Mama kagonga hapana mara kumi na nne, nilihesabu. Dada kaandika: mgonjwa ana hasira.

Saa kumi jioni kafunga pazia, eti alale. Jua linawaka!

Ila haki yake nimpe — mashuka alitandika, kunjo hata moja hulioni.

Alhamisi, tarehe 5

Zamu yangu! Nesi jirani alinifundisha: mtu wa kulala unamgeuza kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unatoka vidonda. Nikamgeuza. Nikamwosha kwa beseni na kitambaa, mguu mmoja nje, mwingine umefunikwa asipate baridi. Chombo cha haja nacho! Mama kakaza macho darini, mie ukutani, wote tunatetemeka kwa kicheko, nusura tumwage.

Halafu ndipo kosa. Jamani, mtu asiyejibu! Mie ninayekatizwa tangu kuzaliwa! Nikavuta cherehani chumbani, nashona pindo huku naongea. Nikaanza na umbea wa jirani wa meno ya bandia, nikapita kwa mwenye duka na mawifi zake. Mama anagonga ndiyo, ndiyo — anajua yote! Saa nane hivi nikajikuta nimefika kwa fundi makufuli. Wa pale kona, aliyefiwa na mke. Karibu mwaka ananiambia tuoane nihamie kwake, nami namwambia ngoja kidogo. Nikaendelea tu kama bomba lililopasuka: nampenda, jamani, lakini nikienda, Mama abaki na nani? Nikibaki, yule baba wa watu angoje mpaka lini?

Kijiko kimya.

Nikageuka. Mama kanikodolea macho, blanketi linapanda linashuka. Mungu wangu — operata! Kasikia yote!

"Mama, umekasirika?" Hakugonga. Si moja, si mbili.

Jua limezama, kaamka, kajinyoosha, kanywa chai yake. Kasema nimemgeuza vizuri, mgongo hauumi. Basi! Hilo tu!

Ijumaa, tarehe 6

Weee! Nimetoka kupeleka nguo za mteja, narudi — mlango wa bafu umelazwa barazani, na fundi makufuli kapiga magoti anabadilisha bawaba! Moyo ulienda mbio kuliko cherehani.

Kaninong'oneza: Mama kampigia simu mwenyewe. Anataka mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka bafuni mwili unauzuia mlango, hafikiwi. Akili hiyo! Halafu Mama kakaa kitini, kajilegeza, kamwambia nibebe mpaka kitandani. Kambeba!

"Hajakuuliza kitu?"

"Kaniuliza kama nakoroma."

"Ukasemaje?"

"Ukweli."

Lo! Tumekwisha.

Jumamosi, tarehe 7

Naandikia jikoni, maziwa yako motoni, nachungulia sebuleni. Mama kajilaza kwenye kochi na kikombe chake. Anataka wakili ajionee kama siku hiyo ikifika ataeleweka. Fundi kaitwa pia! Shati limepigwa pasi, kakaa ukingoni mwa kiti. Kaka anauliza chini chini huyu kaja kutengeneza nini.

Wakili kataja jina la Kaka. Ngo, ngo. La Dada. Ngo, ngo. Langu — ngo!

Moja! Mie!

Kaka: "Huyu mropokaji?" Ngo! Hata wakili kacheka.

Sasa anasoma karatasi aliyoiandika Mama jana. Nyumba isiuzwe Mama akiwa hai. Na kitinda mimba akiolewa asihame, mume ndiye ahamie humu. "Ndivyo, mama?" Ngo! Dada kashika kichwa. Maziwa yanafurika, hata siyasogezi.

Wakili kamgeukia fundi: na wewe, uko tayari kuacha kwako, kuishi na mkwe, na siku akilala umbebe kweli?

Duka lake la pale kona kalijenga kwa mikono yake, na vyumba anavyoishi viko nyuma ya duka. Kainuka. Kanyoosha mkono kwa Mama, taratibu — anaomba kijiko! Mama kamtazama. Kampa.

Ngo!

Moja. Mkono bado uko juu. Sijui anakirudisha kijiko au anagonga la pili —

"We kitinda mimba!" Dada huyo. "Achana na hilo daftari, njoo hapa sasa hi—"